Mkono wa Venuste na Wivu wa Godeberthe

Venuste alirudi kutoka Mbarara na mambo mengi ya kusimulia, na yote yalikuwa mambo ambayo mke wake aliyajua kabla yake.

"Mama Élyse, unajua kama neva ya kuinua kiganja haianzie mukononi?" alisema, hata hajakaa. "Inatokea huku shingoni, inapita kwapani, halafu inazunguka mufupa wa mukono kama maharage inavyozunguka kijiti. Mufupa ulipovunjika, ukaibana. Ndiyo maana mukono umelala."

Godeberthe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo mbele ya nyumba yao ya Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Hakuinua macho.

"Nerf radial," alisema.

"Eeh! Hivyo hivyo ndivyo Madamu Doriane anaiita! Na anakusalimia sana."

Godeberthe alitupa kijiwe mbali na ungo. Kilikwenda mbali kuliko ilivyohitajika.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Venuste alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye mteremko akiwa amebeba gunia la mahindi. Mkono wa kulia ulivunjika kati ya bega na kiwiko. Ulifungwa plasta, na mfupa ukaanza kushika vizuri, lakini kiganja kiligoma kuinuka. Kilining'inia kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Vidole viliweza kujikunja kidogo, ila kujinyoosha havikuweza. Zahanati ikamwandikia barua aende Kakoba, Mbarara, kwenye kliniki ndogo ya tiba ya viungo, kila Alhamisi. Na pale Kakoba, katika watu wote wa dunia, aliyempokea alikuwa Doriane.

Godeberthe na Doriane walisoma unesi pamoja Gitega, wakilala vitanda vilivyopakana. Katika mwaka wa pili walipewa somo la mfumo wa neva, majina marefu ya Kifaransa yaliyojaa kurasa kumi na moja, na Doriane alilia kwenye daftari lake mpaka wino ukatapakaa. Godeberthe ndiye aliyemchukua nyuma ya bweni, akaokota mkaa jikoni, akaanza kuchora juu ya mkono wa Doriane mwenyewe.

"Usikariri," alimwambia. "Tazama. Mfumo una sehemu mbili tu. Ya kati ni ubongo na uboho wa mgongo, ile kamba nyeupe inayoteremka ndani ya uti. Vyote vilivyobaki ni vya pembeni. Umeelewa?"

"Na ubongo?"

"Ule mkubwa wa juu unawaza na kuamua. Ule mdogo wa nyuma unakushikia mizani usipepesuke. Shina lake, hapa chini, linakufanya upumue hata ukilala. Kutoka kwenye uboho zinatoka neva jozi thelathini na moja, kushoto na kulia. Na kila neva ni nyuzi nyingi zilizofungwa pamoja. Nyuzi za hisi zinapeleka habari za ngozi juu, nyuzi za mwendo zinaleta amri kwenye misuli. Nyingi zinasafiri humo humo, lakini hazichanganyi kazi."

Alimchorea neva ya mkono kwa mstari mmoja uliojipinda, na mahali inapogawanyika karibu na kiwiko akaweka nyota ndogo. Doriane alikaa na ule mkaa mwilini siku mbili bila kuosha mkono. Matokeo ya mtihani yalipotoka, Doriane alimshinda Godeberthe kwa alama moja. Walicheka wote, lakini mmoja alicheka kwa meno tu.

Kisha ukafika mwaka 2015. Godeberthe alikuwa mwaka wa mwisho, ameolewa na Venuste, na mimba ya Élyse ilikuwa na miezi mitano. Mambo yalipochafuka nchini kwao walikimbilia kambini na nguo walizovaa tu. Doriane alibaki, akafanya mtihani wa mwisho, mwaka uliofuata akavuka mpaka na cheti chake kimefungwa kwenye nailoni. Watu wa kanisa wakamsaidia kusoma tena Mbarara. Godeberthe alipata habari hizo kidogo kidogo, kama mtu anayelishwa dawa chungu kwa kijiko. Siku moja alimwona kwa macho yake pale kwenye kimji cha Rwekubo, amevaa koti jeupe, anashuka kwenye gari la wageni waliokuja kuitembelea kambi. Godeberthe aliingia nyuma ya rundo la ndizi la mchuuzi, akajifanya anachagua, mpaka gari likaondoka.

Na sasa huyo huyo Doriane alikuwa anamshika mume wake mkono kila Alhamisi.

Venuste alikuwa mtu mwema, lakini hakujua kunyamaza. Alimsimulia kuhusu chumba chenye feni. Alimsimulia jinsi Madamu Doriane alivyomwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba hapa na pale na kumuuliza kama anasikia. Alimwonyesha gango la plastiki lenye mikanda ambalo Madamu alilipasha moto na kulikunja mwenyewe, lishikilie kiganja juu ili mishipa isizoee kulala. Na kila Jumatano jioni alimletea Godeberthe wembe.

"Ninyoe ndevu. Kwa mukono wa kushoto nitajikata."

Basi Godeberthe alimnyoa, akimshika kidevu kwa vidole viwili, akiwaza: namnyoa ili aende kwa Doriane. Alimpigia pasi shati la kanisani. Kosa la Venuste hakuliona, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu angelipata kosa angekuwa na pa kuuweka wivu wake. Mume wake hakumtamani yule mwanamke. Alimheshimu tu. Alimheshimu kwa namna ambayo kwa miaka kumi hakuna mtu aliyemheshimu Godeberthe, mkulima wa maharage mwenye kucha nyeusi.

Wiki ya nne Venuste alirudi na karatasi ya maelekezo. Ilikuwa na mchoro wa mkono kwa kalamu ya bluu, neva imechorwa kwa mstari mmoja uliojipinda, na karibu na kiwiko palikuwa na nyota ndogo.

Godeberthe aliishika karatasi, akaweka kidole juu ya nyota.

"Huu mchoro ni wangu," alisema.

Venuste akacheka. "Mwili wa mutu ni mumoja, Mama Élyse. Kila muganga ataichora vile vile."

"Nimesema ni wangu!"

"Sawa, ni wako," alisema Venuste kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa wa homa, akaenda kuangalia mbuzi.

Jumapili, baada ya misa, ujumbe uliingia kwenye simu. Nyumba yao ilikuwa na simu moja, na Godeberthe ndiye aliyeitunza. *Gode, salamu. Alhamisi sitakuwepo. Venuste aje Jumanne, nimpime hisi tena na kulirekebisha gango. Nimefurahi mno kujua uko karibu. Doriane.*

Aliusoma mara tatu. Neno "Gode" lilimchoma kama upupu. Hakuna mtu Juru aliyemwita hivyo. Akaufuta. Doriane alipopiga simu Jumatatu, aliiacha ikalia mpaka ikachoka.

"Wamesema usiende tena," alimwambia mume wake. "Kilichobaki ni mazoezi, na mazoezi nitakufanyisha mimi."

"Na hii gango?"

"Ivue. Inazubaisha misuli."

Venuste alilitazama gango, akamtazama mkewe, akafungua mikanda kwa meno. "Sawa. Wewe ndiye umesoma," alisema.

Maneno hayo aliyangoja miaka kumi. Yalimshukia kifuani kama uji wa moto kwa mwenye njaa, na kwa siku kadhaa Godeberthe alikuwa mtu mwingine. Aliimba akipika. Asubuhi na jioni alimnyoosha Venuste vidole kimoja kimoja, akimtajia majina ya misuli, na Venuste akatikisa kichwa kwa mshangao uleule aliokuwa akimpelekea Doriane. Kuhusu gango alijua alichokifanya. Alijua kwamba kiganja kinacholala mchana kutwa hujifunza kulala, na kwamba mazoezi mara mbili kwa siku hayawezi kushindana na saa ishirini na mbili zilizobaki. Alilisukuma wazo hilo nyuma kila lilipomjia. Simu ya Doriane ililia tena, na tena. Wiki tatu zikapita.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Godeberthe alikuwa jikoni, sufuria ya maharage juu ya mafiga, na Venuste amekaa karibu na moto kwenye kigoda, wanazungumza juu ya mvua iliyochelewa. Mkono wake mbovu uliegemea upande wa sufuria. Alikuwa anazungumza kwa utulivu kabisa, hata anatabasamu, wakati Godeberthe aliposikia harufu ya nyama inayoungua. Nyama ndani ya nyumba hawakuwa nayo.

Alimvuta mkono kwa nguvu. Mgongo wa kiganja, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, ngozi ilikuwa imebabuka, nyeupe na nyekundu.

"Kuna nini?" aliuliza Venuste. Kisha akaona. "Lakini siskii kitu," alisema, na uso ukambadilika kwa hofu. "Mama Élyse, mbona siskii kitu?"

Godeberthe alijua kwa nini. Neva ile moja ilibeba kazi mbili, na ile ya hisi ilihudumia ngozi ya mahali palepale, eneo pana kama jani la mchicha. Kwenye karatasi ya Doriane, chini ya mchoro, mstari wa mwisho ulisema: *Ajihadhari na moto, ngozi hii haina habari.* Godeberthe alikuwa ameikunja karatasi na kuisokomeza chini ya godoro siku ileile ya ugomvi wa nyota.

Alimmwagia maji baridi kwa muda mrefu, akamfunga kitambaa safi. Mikono yake ilifanya kazi vizuri.

Jumatatu asubuhi walipanda boda mpaka Rwekubo, wakachukua taksi ya Mbarara. Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Msichana wa Kiganda aliyekuwa akijifunza kazi pale, jina lake Swaleha, aliwapokea mlangoni.

"Nyabo, kaa hapa. Mzee, leta mkono yako hapa kwa meza."

Doriane alitoka chumba cha ndani. Alikuwa amenenepa kidogo, na miwani ilimkaa vizuri. Alisimama, akatamka "Gode" kwa sauti ndogo, akataka kumkumbatia. Kisha macho yake yakaangukia kitambaa, akakifungua, na hakukumbatia tena.

Alilisafisha lile jeraha la moto. Alijaribu kukiinua kiganja cha Venuste mpaka juu, kikafika nusu ya njia na kukwama.

"Viungo vimekaza," alisema. "Gango liko wapi?"

"Niliambiwa nilivue," alisema Venuste. "Si ninyi mlimwambia mke wangu kwa simu kwamba imetosha?"

Doriane aliulaza mkono wa Venuste mezani. Feni ilikuwa inazunguka.

"Mimi sikumwambia hivyo mtu yeyote," alisema Doriane.

Godeberthe angeweza kusema uongo mwingine. Baadaye alikiri kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekamilika, kuhusu mtandao mbovu wa Nakivale. Lakini alitazama ule mkono mezani, akauacha uongo huo.

"Ujumbe nilifuta mimi," alisema. "Simu nilikataa mimi. Gango nilimwambia mimi alivue."

"Kwa nini?" aliuliza Venuste. Hakupaza sauti.

"Kwa sababu ulikuwa unarudi nyumbani kunifundisha vitu ambavyo huyu nilimfundisha mimi."

Swaleha alitazama sakafu. Doriane alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Ni kweli alinifundisha," alimwambia Swaleha, kana kwamba wengine hawapo. "Neva zote ninazokufundisha, huyu dada ndiye aliyezichora juu ya mkono wangu kwa mkaa. Ile nyota unayoiona kila siku ni yake."

Godeberthe alikuwa ameota maneno hayo yasemwe mbele ya watu. Yaliposemwa hayakumponya. Mtu aliyeketi juu ndiye anayeweza kukusifu hivyo, na wewe uko chini unapokea. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko mwanzo, palepale katikati ya aibu.

Doriane akamgeukia. "Angekuwa mke asiyesoma, ningemweleza polepole na kumsamehe kabla hajashuka ngazi. Wewe nikueleze nini, Gode? Ulijua."

"Nilijua."

"Basi fanya unachokijua. Gango usiku na mchana. Mazoezi mara tano. Neva yenyewe haijafa, nimeipima. Inaota tena kutoka pale ilipobanwa, milimita moja kwa siku. Hesabu mwenyewe."

Godeberthe alihesabu bila kutaka. Sentimita tatu kwa mwezi, na kutoka pale mfupa ulipovunjika mpaka msuli wa kwanza ni kama sentimita kumi na mbili. Miezi minne tangu kuanguka.

"Mwezi wa nne," alisema.

"Mwezi wa nne," alikubali Doriane.

Kwenye taksi ya kurudi Venuste alikaa kiti cha mbele na dereva. Nyumbani alisema yaliyohitajika kusemwa, chumvi iko wapi, mbuzi amefungwa au hajafungwa. Jioni ya kwanza Godeberthe alipokuja na kigoda chake kufanya mazoezi, alidhani atafukuzwa. Venuste alimnyooshea mkono bila kumtazama.

"Fanya kazi yako," alisema.

Aliifanya. Mara tano kwa siku, hata siku za kupalilia, alitoka shambani akanawa, akanyoosha vidole, akakipandisha kiganja polepole mpaka kinapokataa, akakishikilia hapo akihesabu thelathini. Wiki ya kwanza kiliongezeka upana wa kidole. Jeraha la moto likapona na kuacha kovu la waridi. Wiki moja walikwenda Mbarara, wiki nyingine hawakwenda, na kila walipokwenda Godeberthe aliingia mpaka ndani, akatazama, akauliza. Doriane alimjibu kama anavyomjibu mtu wa kazi. Hawakuzungumza habari za bweni.

Wivu ulikuwa unakwenda naye njia nzima. Aliona viatu vya Doriane. Aliona cheti ukutani, akasoma tarehe yake, akakumbuka kwamba mwezi huohuo yeye alikuwa kwenye foleni ya mgawo na Élyse mgongoni. Alijifunza kuukalisha wivu kando yake bila kuupa simu mkononi.

Siku moja ya mwezi wa nne tangu Venuste aanguke, asubuhi, alikuwa ameweka vidole vyake juu ya mkono wa Venuste chini kidogo ya kiwiko, upande wa kidole gumba.

"Jaribu kukunja kiwiko, gumba likitazama juu."

Venuste alijaribu. Kwa macho hapakuwa na kipya. Lakini chini ya vidole vyake Godeberthe alisikia kitu kikijikaza na kulegea, kidogo sana, kama samaki mdogo anayepita chini ya maji.

"Rudia."

Kikajikaza tena.

"Kuna nini?" aliuliza Venuste. "Mbona unalia?"

"Imefika," alisema. "Baba Élyse, neva imefika kwenye msuli wa kwanza. Wewe hujui bado, lakini imefika."

Alimpigia Doriane simu papo hapo. Walizungumza Kirundi kwa haraka, wakikatizana maneno, na kwa dakika chache walikuwa wasichana wawili juu ya jambo moja. Baada ya wiki tano kiganja kilianza kujiinua chenyewe. Vidole vilichelewa zaidi. Kidole gumba mpaka leo hakifunguki sawasawa asubuhi za baridi, na Venuste husema, bila hasira lakini pia bila kusahau, kwamba wiki zile tatu zimebaki hapo.

Mwaka uliofuata kliniki ilianza kuleta huduma Juru mara mbili kwa mwezi, chini ya turubai karibu na kituo cha afya. Doriane aliomba apewe mtu wa kumsaidia anayejua Kirundi, Kiswahili, na neva. Hakumbembeleza Godeberthe. Alimpa koti na kumwambia saa ya kufika. Godeberthe akaandika pia barua Gitega kuomba matokeo ya miaka yake miwili ya mwanzo, ili ajue kama kuna chuo kitakachoyapokea. Jibu lilikuwa bado.

Asubuhi moja chini ya turubai, Doriane alimwambia kwamba amepata nafasi ya kusoma Kampala, miaka miwili, shahada.

"Hongera," alisema Godeberthe.

"Gode, usinidanganye."

"Nimesema hongera. Mengine yanakuja polepole."

Alizunguka nyuma ya tangi la maji, akasimama huko akiuma upindo wa kitenge. Alirudi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Wa kwanza alikuwa mzee Musoni, aliyekuwa akiburuza mguu wa kushoto tangu alale siku nzima amekunja magoti kwenye gari. Godeberthe alimkalisha, akamvua kiatu, akachukua pamba.

"Mzee, fumba macho," alisema. "Nikikugusa, uniambie ni wapi."

Musoni akafumba macho. Pamba ikamgusa juu ya unyayo, ikapanda, ikapita pembeni ya goti.

"Hapo," alisema yule mzee. "Hapo nasikia."

Godeberthe akaandika.